Nimeangalia "The Cider House Rules" na wenzangu tuliolelewa kituoni, na nina la kusema

#1 BintiWaBahi

Mbukwenyi wakuu.

Uzi huu ni mrefu, mniwie radhi. Nimekaa nao kifuani wiki nzima.

Jumamosi iliyopita tulikuwa watu watano nyumbani kwangu Nkuhungu. Wote tumelelewa kituo kimoja hapa Dodoma, tukatoka kila mtu na njia yake. Mmoja ni fundi alumini, mmoja ana genge la mboga Majengo, mmoja anafundisha shule ya msingi huko Chamwino, mmoja bado anatafuta kazi, na mimi ni muuguzi mkunga. Kila baada ya miezi miwili mitatu tunakutana, tunasonga ugali wa uwele, tunapika mlenda, halafu tunaangalia filamu. Safari hii mwalimu alikuja na hii ya Kimarekani ya mwaka 1999. Alisema inahusu kituo cha yatima na imechukua Oscar mbili, lazima tuione. Fundi Kiingereza hakimkai, kwa hiyo mwalimu alikuwa anatafsiri picha ikiendelea, kama tulivyozoea enzi za banda la video.

Kwa ambao hamjaiona: ni jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, miaka ya vita vya pili vya dunia. Kuna kituo cha yatima, St. Cloud's, kinaongozwa na Daktari Larch, mzee anayejivutia etha, dawa ya usingizi ya kuvuta, ili alale. Wanawake wenye mimba wasizozitaka wanashuka na treni na kwenda kwake. Wengine wanajifungua na kumwachia mtoto, wengine anawatoa mimba, ingawa sheria ya kule wakati ule ilikataza. Homer amezaliwa hapo hapo. Familia mbili zilimchukua kwa nyakati tofauti na zote zikamrudisha, mwishowe daktari akamfanya kama mwanawe na kumfundisha udaktari bila chuo. Homer anazalisha, lakini kutoa mimba anakataa. Siku moja anaondoka na kijana na mchumba wake waliokuja kutoa mimba, anaenda kuchuma matufaa kwenye shamba la familia ya yule kijana, na kijana akiwa vitani Burma, Homer anaanza mapenzi na mchumba wake. Kisha inajulikana kwamba Rose, binti wa msimamizi wa wachumaji, ana mimba ya baba yake mzazi. Homer anamtoa mimba ile. Daktari anakufa kwa etha yake, na Homer anarudi kushika nafasi yake kwa cheti cha kughushi.

Michael Caine kama daktari kaigiza vizuri, Oscar yake ni halali yake. Theluji inapendeza, muziki unapendeza. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu unaanza na wale wanawake wanaoshuka kwenye treni. Hawana majina. Hawana midomo. Wanaingia wameinama, wanatoka wameinama, tunabaki na daktari na uchovu wake. Mimi nafanya kazi upande wa wazazi. Wanaokuja na mimba iliyoharibika nawapokea mimi. Karibu kila mmoja anasema "imetoka yenyewe, sista", na mimi siulizi zaidi kwa sauti ya kutisha, kwa sababu ninachotaka ni ajue damu yake inaweza kusimamishwa na kwamba kusafishwa kizazi ni haki yake, iwe imetoka yenyewe au imetolewa. Ukikaa naye kitandani saa mbili, maneno yanaanza kuja. Kuna aliyepewa hela na mwanaume na kuambiwa asirudi nayo. Kuna mama wa watoto wanne ambaye mume yuko machimboni na mimba si ya mume. Kuna binti wa kidato cha tatu ambaye hajui hata tarehe zake. Kuna aliyeitaka mimba kabisa na aliyemlazimisha ni mama yake mzazi. Kila mmoja wao ni filamu nzima. Hii ina saa mbili na haikupata nafasi hata ya mmoja.

Halafu angalieni walivyoipanga kesi ya Homer. Kijana ana msimamo: hatoi mimba, kwa sababu yeye mwenyewe angeweza kutolewa. Ni msimamo mzito, nilikaa vizuri kwenye mkeka nikisubiri kuona atahangaika nao vipi. Wakamletea binti aliyebakwa na baba yake. Nani atamwambia binti yule hapana? Hata mchungaji wangu angenyamaza. Homer akafanya, swali likafungwa, asubuhi ikafika. Wale mia waliokuja kwa treni kabla ya Rose, ambao kesi zao si nyepesi hivyo, filamu imewapitisha mlango wa nyuma wakiwa nyuma ya Rose. Huko ni kumchagulia mtazamaji jibu huku unamwambia amejichagulia.

Nimelelewa kanisani, naamini kilichomo tumboni ni uhai. Pia nimeshawahi kumfunika shuka msichana wa miaka 19 saa kumi alfajiri kwa sababu ya kijiti alichochomekwa na mtu asiyejua mwili wa binadamu. Mambo haya mawili yanakaa ndani yangu kwa pamoja na hayajapatana mpaka leo. Nilitegemea filamu iwe na ujasiri wa kukaa hapo hapo. Imekimbia.

Lakini kilichotuumiza wote watano ni kingine.

Kwenye filamu hii, yatima ni mimba ambayo haikutolewa. Daktari anampa mwanamke kimoja kati ya viwili: mtoto wa kuacha au mimba ya kutoa. Watoto wale wanaolala kwenye vitanda vya chuma, anaowaaga kila usiku akiwaita wana wa wafalme, wamewekwa kwenye mizani, upande wa pili kuna ndoo ya chumba cha upasuaji. Wote wamekuwa hoja. Anayetaka kutetea kutoa mimba atasema tazameni watoto wasiotakiwa walivyojaa. Anayepinga atasema tazameni walivyo wazuri, mngewaua hawa? Hakuna aliyewauliza wao kitu.

Mimi nilitakiwa. Baba alifariki 2000, mama 2003. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini 2004. Mama yangu alizikosa kwa mwaka mmoja. Bibi alinichukua Bahi, naye akachoka, nikaletwa kituoni nina miaka 10. Hakuna mtu hata mmoja katika habari hiyo aliyekaa akajiuliza kama anitake au asinitake. Na watoto wa rika langu waliojaa kwenye vituo vya mkoa huu miaka ile, wengi wao ni hivyo hivyo. Kijiji cha Matumaini pale Kisasa kilianzishwa 2002 kwa ajili ya hao hao. Uyatima wetu ulitoka kaburini.

Kuna sehemu moja tu nilitetemeka. Gari linaingia kituoni, na watoto wanaamini wageni wamekuja kuchukua mtoto. Wanajipanga, wanatabasamu. Kuna mdogo mmoja anajinadi mwenyewe kwamba yeye ndiye bora. Pale fundi alisimama akatoka nje.

Kwetu ilikuwa Krismasi, Pasaka na Idi. Magari yanashusha unga, miche ya sabuni, mafuta, madaftari. Tunaimba wimbo wa makaribisho tuliofanyishwa mazoezi wiki nzima. Halafu picha. Kila mgeni anatafuta mtoto mdogo wa kumpakata wakati wa kupiga picha. Mimi nilishavuka umri wa kupakatwa. Nilijifunza kumbeba mtoto mdogo zaidi mgongoni na kusogea naye karibu na kamera, ili anayemtaka yeye anione na mimi. Nina hakika kuna albamu nyingi Dodoma hii zenye mkono wangu na nusu ya uso wangu.

Filamu ilikuwa na hazina hiyo mkononi. Ikaipa dakika chache, ikaondoka na Homer kwenda kula kamba wa baharini na kupenda mchumba wa mtu.

Naomba maoni yenu, hasa mlioiona.

---

#2 MzeeWaMpwapwa

Pole sana binti yangu. Filamu sijaiona na kwa macho yangu haya sidhani kama nitaiona, ila hayo ya kusogea karibu na kamera nimeyasoma mara mbili.

Mimi ni mmoja wa hao wageni. Kanisa letu lilikuwa linakwenda kituoni kila Pasaka, tunapiga picha, tunabandika kwenye ubao wa matangazo. Sikuwahi kufikiri mtoto anaionaje ile saa. Nitalipeleka kwenye kikao cha wazee Jumapili.

---

#3 MwanasheriaMwanafunzi

Dada, asante kwa uzi. Niko mwaka wa nne UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, sheria. Naomba nipingane na wewe kidogo, kwa heshima.

Unasema kesi ya Rose imechaguliwa kwa kuwa ni nyepesi. Ni nyepesi kwenye kiti cha mtazamaji. Kwenye sheria yetu si nyepesi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 150: anayemtoa mwanamke mimba, hadi miaka 14. Kifungu cha 151: mwanamke mwenyewe, hadi miaka 7. Cha 152: anayetoa dawa au kifaa akijua kazi yake, hadi miaka 3. Mlango uliopo ni kifungu cha 230, upasuaji uliofanywa kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Binti aliyepewa mimba na baba yake hakuna kifungu kinachomtaja. Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika juu ya haki za wanawake, inamtaja, ibara ya 14, na Tanzania iliiridhia 2007, ila mkataba kwetu hautumiki mahakamani kama sheria mpaka Bunge liuingize kwenye sheria za nchi.

Na kitu kilichonigusa: filamu inatokea miaka ya vita. Kanuni yetu ya Adhabu ni ya 1945. Waingereza walituletea vifungu vyenye mizizi kwenye sheria yao ya 1861, wenyewe wakaibadilisha ya kwao 1967. Sisi tumebaki nayo. Kwa hiyo mtu anapomwangalia Daktari Larch akidhani ni mambo ya zamani ya Wazungu, ajue kisheria sisi bado tunaishi mwaka ule ule. Hata Marekani kwenyewe, hukumu ya 1973 iliyofungua mlango wa kutoa mimba ilitenguliwa Juni 2022, kila jimbo likaachiwa liamue lenyewe.

Ndiyo maana naona filamu ina kazi. Inamlazimisha mtu aanze na kesi ambayo hawezi kuikataa.

---

#4 BintiWaBahi

Mdogo wangu, asante kwa vifungu, nitavihifadhi. Umenifundisha hilo la 1945.

Na nakubali: Rose yupo. Hapa kwetu yupo, nimempokea. Sitasema zaidi kwa sababu yake yeye. Nilivyokuwa naandika "kesi nyepesi" nilisahau kwamba wepesi ule uko kwa anayetazama tu.

Ila bado nakuuliza. Ukishaanza na kesi isiyokataliwa, unafanya nini na inayofuata? Filamu haikufika ya pili. Homer anarudi St. Cloud's, watoto wanamkimbilia, usiku anawaaga kwa maneno ya mzee wake, taa zinazimwa. Kesho yake treni italeta mama wa watoto wanne. Tungemwona Homer siku hiyo.

Nyongeza kwa wasomaji wote, kwa kuwa naona uzi unasomwa: huduma baada ya mimba kuharibika inatolewa kwenye vituo vya afya na hospitali, na kutibiwa si kosa. Mwenye homa, damu nyingi au maumivu makali ya tumbo asikae nyumbani akiogopa maswali. Naandika hili kwa sababu wanaofika wamechelewa wengi wao wamechelewa kwa hofu hiyo.

---

#5 ZabibuHombolo

Mimi niliiona miaka ya nyuma kwa CD. Kwangu iliyobaki kichwani ni ile karatasi ya sheria iliyobandikwa ukutani kwenye banda la wachumaji. Msivute sigara kitandani, msipande juu ya paa. Wachumaji hawajui kusoma, wameishi na karatasi ile miaka na miaka, mpaka Homer anawasomea. Na yule msimamizi, baba yake Rose, anasema walioiandika hawaishi humu. Wanaichoma moto.

Nina ekari mbili za zabibu. Msimu wa kuvuna nina vibarua, wengine wanatoka mbali, wanalala bandani. Na mimi nimebandika sheria zangu ukutani. Baada ya kuiona filamu niliwauliza vibarua wangapi wameisoma karatasi yangu. Walinyamaza. Kisha mama mmoja akaniambia, baba, sheria tunazo zetu, hii ya kwako tumeiacha ikae tu. Akanitajia: mabinti hawalali upande wa mlangoni, hakuna binti kutumwa maji peke yake usiku, mgeni wa kiume akija wanawake wawili wanakaa macho. Nilikuwa sijui kama kwenye shamba langu kuna hatari ya namna hiyo. Wao walijua na walishajipanga.

Na hapo ndipo filamu iliponiudhi. Yule msimamizi anasema maneno ya hekima juu ya sheria, mtazamaji unamkubali, halafu unakuta ndiye anayembaka bintiye. Sawa, inawezekana, watu wako hivyo. Lakini wale wachumaji wengine walilala banda moja na Rose! Walikuwa na sheria gani kati yao? Nani alijua? Kwa nini walinyamaza? Hakuna. Wamekaa pembeni kama miti. Na anapokufa, baada ya kuchomwa kisu na binti yake, kila mtu anakubali isemwe kajiua, na picha inasonga mbele kama vile hapo pametoka haki.

---

#6 Mama_Ipagala

Mimi nasimama upande wa anayesema hapana. Filamu za namna hii zinawafundisha watoto wetu kwamba daktari anayevunja sheria ni shujaa. Mwanangu wa kumzaa nilishauriwa nimtoe, nilikuwa mwaka wa pili chuo. Leo yuko kidato cha sita. Sina maneno mengi.

Ila dada uliyeanzisha uzi, sijawahi kusoma mtu anayelipinga jambo hili bila kuwatukana wasichana. Mungu akuweke.

---

#7 Mkalama84

Dada BintiWaBahi, nimesita kuandika. Nimeandika nikafuta mara tatu.

Umesema "mimi nilitakiwa". Umesema uyatima wenu ulitoka kaburini. Naamini, na pole kwa mama yako.

Mimi niliokotwa. Asubuhi, kando ya reli, ndani ya kanga. Umri wangu ni wa kukadiriwa na daktari, jina la kwanza nilipewa na askari, la pili na kituo. Sina bibi wa Bahi. Kwenye kituo chetu tulikuwa wa aina mbili, na watoto tulijua nani ni nani. Wenye makaburi walikuwa juu. Wakati wa likizo, shangazi fulani au mjomba fulani alikuja kumchukua mwenye kaburi akakae naye wiki mbili. Sisi tulibaki. Na tukigombana, neno la mwisho la mwenye kaburi lilikuwa moja tu: mimi mama yangu alikufa, wewe wako alikutupa.

Nilivyosoma bandiko lako nilisikia sauti ile, na najua hukukusudia.

Filamu hii ni yangu. Homer ni mimi. Ndiyo filamu pekee niliyowahi kuiona ambayo mtu wa aina yangu amekaa katikati, anafanya kazi, anapenda, anakosea, na hakuna anayegundua mwishoni kwamba baba yake ni tajiri wa mjini. Tamthilia zetu mtoto wa kuokotwa lazima mzazi wake apatikane kipindi cha mwisho, ana alama ya kuzaliwa, mama tajiri analia. Homer hatafutwi na mtu. Hata yeye hatafuti. Nililia kwa hilo tu.

Kwa hiyo mizani unayoilaumu, mtoto wa kuacha au mimba ya kutoa, kwangu haikutungwa na filamu. Mama yangu alisimama kwenye mizani ile. Nimewaza juu ya asubuhi ile maisha yangu yote. Kuna miaka nilimshukuru kwa kuchagua kanga. Kuna miaka nilimchukia. Nikishasikia watu wanabishana juu ya mimba, wa pande zote mbili, wananitumia mimi, kwa hilo uko sahihi kabisa. Mmoja ananiambia "ungekuwa umeuawa", mwingine anawaza bila kusema kwamba ingekuwa nafuu. Hakuna anayeniuliza nimekula nini leo.

Kilichonivunja moyo mimi ni kwamba Homer alikuwa na neno lake. Alisema anashukuru yuko hai, basi. Halafu filamu ikamchukulia neno hilo kama utoto ambao lazima akue na kuuacha. Anaweza kumsaidia Rose na bado akabaki na neno lake. Mimi ningemsaidia Rose. Na kesho yake bado ningeshukuru kuwa hai. Kwa nini moja lazima lifute jingine?

---

#8 MwanasheriaMwanafunzi

Kaka, hapo mwisho umenijibu hata mimi. Nimeondoa "inamlazimisha mtu aanze" yangu kichwani, nitaifikiria upya.

Waliosoma kitabu chake John Irving, cha 1985, naona humo kuna msichana wa kituoni anaitwa Melony ambaye ni mhusika mkubwa kabisa. Kila anakokwenda anamtafuta Homer, ana hasira, hasamehe kirahisi. Kwenye filamu wamemwondoa kabisa. Irving mwenyewe ndiye aliyeandika mswada wa filamu na ndiyo Oscar ya pili. Na miaka 15 anayoishi Homer kule shambani kabla ya kurudi imekuwa kipindi kifupi tu. Nahisi kuhangaika kwa Homer mnakokutafuta kulikuwa kwenye miaka hiyo.

---

#9 BintiWaBahi

Kaka Mkalama84.

Nimesoma ujumbe wako nikiwa zamu ya usiku, nikauweka, nikaurudia asubuhi nimekaa kituo cha daladala.

Nimekosa. Neno lile unalolitaja, la mwenye kaburi, nimewahi kulisema. Nilikuwa na miaka 12 na niliyemwambia ni huyu fundi alumini ninayemwita ndugu yangu, aliyetoka nje filamu ikiendelea. Yeye pia aliokotwa. Miaka 20 tumekula pamoja na sikuwahi kumwomba radhi kwa siku ile, na Jumamosi alipotoka nilidhani ni kwa ajili ya kupangwa mstari kama mimi. Nimempigia leo mchana. Ameniambia mstari ule hakuuona hata, alitoka kabla. Alitoka pale daktari anapoeleza jinsi Homer alivyorudishwa. Mwalimu alikuwa anatafsiri kwa sauti, na alipofika kwenye neno "wakamrudisha" fundi akasimama. Mimi ndiye niliyechanganya kipi kilitangulia, kwa sababu nilikuwa najiangalia mimi.

Kwa hiyo niliyoyaandika juu ya "mimi nilitakiwa" nayaondoa. Nilitaka kuwakatalia watu wasitugeuze hoja, nikaishia kujitoa mimi kwenye mizani na kukuacha wewe juu yake.

Kuhusu neno la Homer, sina cha kuongeza. Ndilo nililokuwa nalitafuta kwenye bandiko la kwanza nikalikosa.

Melony simjui, nitamtafuta. Kama kuna mwenye kitabu hapa mjini naomba aniazime, nitakirudisha.

---

#10 Mkalama84

Dada yameisha. Msalimie fundi.

Nikuulize kitu kimoja. Yule mtoto mgonjwa wa kifua, Fuzzy, aliyekufa usiku. Wadogo wanaambiwa amepata familia. Yule kijana mkubwa, Buster, anajua ukweli na anawasaidia wakubwa kuusema ule uongo vizuri. Mlionaje hapo? Kwa sababu kwetu lilitokea.

---

#11 BintiWaBahi

Kwetu pia.

Ilikuwa 2005, masika. Mtoto alikuwa na miaka mitano, alilala kitanda cha chini yangu, kifua kilikuwa kinapiga kama mtu anayekata kuni. Asubuhi kitanda kilikuwa kimetandikwa. Mlezi alituita wakubwa watatu jikoni akatuambia tukiulizwa tuseme mjomba wake amekuja usiku kumchukua, amempeleka Kondoa. Mimi ndiye niliyeongeza kwamba mjomba alikuja na gari jeupe. Wadogo walitaka kujua rangi.

Mwaka jana huyu mwenzetu mwenye genge Majengo, ambaye wakati ule alikuwa na miaka sita, aliniuliza kama nina namba ya simu ya yule wa Kondoa, maana anakwenda huko kununua mahindi na angependa amsalimie.

Nilimwambia namba niliipoteza. Jumamosi, ilipofika sehemu ya Fuzzy, mwalimu aliacha kutafsiri. Mwenye genge akaniangalia, akaniuliza, "Dada, gari lilikuwa jeupe kweli?"

Ndipo nikamwambia.